Mke Wangu wa Utani

Kama umetoka hospitali leo na umeambiwa una kifua kikuu, neno langu la kwanza ni hili: usigawe khanga zako. Utazihitaji. Mimi niligawa doti zangu nzuri zote, na mpaka leo naziona zikipita sokoni Bariadi viunoni mwa watu ambao hawana hata aibu ya kubadilisha njia wakiniona.

Neno la pili: dawa zinaponya. Zinavyoponya sitaeleza, hiyo ni kazi ya daktari, na mimi niliishia darasa la saba. Nitaeleza yale ambayo daktari hakuniambia. Hakuniambia kwamba mgonjwa akichelewa kufa, wapo watakaochoka kusubiri.

Naitwa Minza. Nilikuwa na mume, Maduhu, na binti mmoja wa miaka mitano, Pendo. Tulikuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma pembeni mwa mji, na matofali yale mengi niliyabeba mimi mwenyewe kichwani kutoka tanuru. Ulikuwa wakati wa ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka ambayo zamani ungeingia ukute rafu tupu na muuza duka anasinzia, sasa yalijaa sabuni za harufu, redio, viatu vya plastiki vya kila rangi. Maduhu alikuwa karani wa pamba katika chama cha ushirika. Wanunuzi binafsi walipoanza kuingia akaacha kazi, akawa ananunua pamba vijijini kwa niaba ya tajiri mmoja wa Mwanza. Pesa zikaanza kuonekana nyumbani kwetu. Na mimi nikaanza kukohoa.

Nilianza na mvua za kwanza. Nikasema ni vumbi la ghala, nikasema ni mafua, nikanywa mizizi ya mama mkwe, nikanywa na ya jirani. Kufikia palizi sketi zilikuwa zinanidondoka nikitembea. Jasho la usiku lililowesha godoro mpaka Maduhu akahamia chumba kingine, kwa muda tu, alisema. Siku niliyotema damu kwenye kiganja ndiyo siku niliyokwenda hospitali.

Pale kulikuwa na benchi letu. Lilikaa nje, mbali na wengine, chini ya bati dogo, na kila aliyepita alijifunika pua. Majirani walikuwa wameshanipa ugonjwa mwingine, ule ambao wakati huo hata jina lake halikutajwa, watu walikonyezana tu. Mimi nilikaa pale na kopo langu la makohozi nikisubiri jina langu liitwe. Jirani yangu wa benchi alikuwa Mzee Jilala, mfugaji wa Sapiwi, mwenye koti zito hata jua likiwaka. Alikuwa akilaani sindano kwa Kisukuma kila asubuhi kabla hajaingia, kisha akitoka ananiita mama kwa lugha yetu, "Mayu, kaa upande, mimi leo sina makalio." Ananiachia nafasi yake yenye kivuli. Huruma ndogondogo kama hizo usizidharau, ndizo zitakazokutoa nyumbani kesho yake.

Sindano zilikuwa za kila siku, miezi miwili. Na vidonge. Mkojo ukawa mwekundu kama maji ya rozela, nikapiga kelele chooni nikidhani ndiyo mwisho. Nesi akacheka akasema ni dawa, ungekuwa mweupe ndiyo ningekugombeza. Kwa hiyo na wewe usipige kelele.

Nyumbani kikombe changu kilipakwa rangi ya kucha kwenye mkono wake ili kisichanganyike. Pendo akapelekwa kulala nyumba ya mama mkwe, palepale uani kwetu, akawa ananisalimia kwa dirishani. Na baba yangu, kutoka Ngulyati, akamleta mdogo wangu Kabula aje kuniuguza.

Kabula ananifuata mimi. Wakati huo alikuwa msichana mkubwa, amemaliza shule, anacheka mpaka kuku wanakimbia. Hakuogopa kikombe changu. Alilala kwenye mkeka chumbani mwangu, alinikanda miguu, alinikorogea uji wa ulezi. Wanasema mgonjwa haulizwi uji. Yeye aliniuliza kila mara, mzito au mwepesi, na alingoja jibu. Nilimpenda kuliko nilivyojua kumpenda.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasio wa kwetu. Kwetu mdogo wa mke ni mtani wa shemeji yake. Anamwita "mke wangu" mbele za watu wote, na yeye anatakiwa ajibu kwa tusi la kuchekesha. Asipojibu, utani hauna mguu wa pili. Tangu siku ya kwanza Maduhu alikuwa akiingia uani anapaza sauti:

"Mke wangu! Maji ya kuoga!"

Na Kabula naye, "Mke wako nani? Wewe unanuka pamba na panya wake! Kaoge mtoni na ng'ombe wenzako!"

Mama mkwe anacheka, mimi nacheka, nakohoa, nacheka tena. Hivyo ndivyo utani unavyokuwa.

Sindano zikiwa hazijafika katikati, Maduhu akarudi kutoka Mwanza na gari la pamba, na nyuma kabeba televisheni, deki ya video na jenereta. Mzungu mmoja alikuwa anahama, akauza kila kitu chake mpaka vijiko. Vituo vya Dar havikutufikia, kwa hiyo televisheni ile ilikuwa ya video tu, na video zenyewe zilikuwa kaseti tatu alizopewa za nyongeza. Zote tatu ni mchezo uleule mmoja, vichekesho vya Wazungu vya zamani, picha haina hata rangi.

"Nimekuletea wewe," Maduhu akaniambia mlangoni, hakuingia. "Usichoke kukaa ndani."

Nililia. Nilijiona mwanamke anayependwa.

Nikwambie ule mchezo ulivyokuwa, maana nikiukumbuka hata sasa nacheka peke yangu. Kulikuwa na bwana mnene anayevaa mikanda ya mabega juu ya shati. Tukamwita Bwana Mikanda. Mkewe mrefu, mwembamba, haongei sana, anamtazama tu, na akimtazama wewe unajua uongo wake umeshajulikana. Jirani yao haingii mlangoni, anaingia kwa dirisha la jikoni, kila siku, na kila siku anakanyaga kitu: sufuria, keki, paka. Na mama mkwe wa Bwana Mikanda anakuja kutembea na masanduku saba. Kila kipande hadithi mpya, watu walewale, sebule ileile. Ukishawazoea unawajua kuliko majirani zako.

Kiingereza changu kilikuwa cha darasa la saba, cha Kabula hakikuzidi sana. Hakikutuzuia. Kabula aliwasemea wote kwa Kisukuma. Bwana Mikanda alimpa sauti ya mjomba wetu mmoja mlevi. Mke alimpa sauti ya mwalimu mkuu. Kipande tulichokipenda kuliko vyote kilikuwa cha bata bukini. Bwana Mikanda amemnunua kwa sikukuu, hai, kisha bosi wake anakuja ghafla kula chakula, na bata amefichwa chini ya sofa. Bosi akisema jambo, bata anajibu. Bwana Mikanda anajifanya ni yeye aliyekohoa. Bata anajibu tena, anakohoa tena. Kabula alimpa bata sauti ya mama mkwe wangu akidai ugoro! Tulikuwa tukifika hapo ananishika mkono kabisa, tunangoja.

Siku moja katika kipande hicho nilicheka mpaka nikaanguka ubavu, kikohozi kikaja kile kibaya, cha kutoka miguuni. Nikaweka kitambaa mdomoni. Nilipokiondoa nikakitazama, na Kabula akakitazama. Kilikuwa cheupe. Hapakuwa na damu hata tone. Tukakumbatiana. Nakwambia hivi ili ujue: siku ya kitambaa cheupe inakuja. Yangu ilikuja nikiwa nacheka.

Mama mkwe peke yake hakuupenda mchezo ule. Alisimama mlangoni na mkongojo wake akisikiliza vile vicheko vya watu wengi, unavijua, vinavyocheka nyuma ya mchezo.

"Hao wanaocheka wako wapi?" akauliza. "Mbona hawaonyeshwi?"

"Wapo tu, mayu," nikasema. "Walirekodiwa."

"Watu wanaocheka nyumbani kwa mgonjwa ni watani. Na watani wanakuja msibani. Zimeni hicho kitu."

Kwetu ni kweli, msibani watani ndio wanaoruhusiwa kucheka. Sisi tukamwona mzee wa zamani tu. Tukangoja atoke, tukawasha tena.

Sindano zikaisha. Zikabaki vidonge vya miezi sita, unakwenda kuchukua mara moja kwa mwezi. Uso ukaanza kurudi. Nikaanza kuomba ugali wa pili. Na hapo, sijui ni wiki gani, Maduhu aliingia uani akaita, "Mke wangu! Maji!"

Kabula akasema, "Nakuletea."

Basi. Hakuna panya, hakuna ng'ombe. Akanyanyua ndoo akapeleka. Mimi nikiwa dirishani nikafikiri, maskini, amechoka kwa ajili yangu. Mjinga mimi! Bwana Mikanda asipochekesha nilikuwa naona mara moja. Uani kwangu mwenyewe sikuona kitu.

Pamba zilikuwa zimeanza kupasuka mashambani siku baba alipokuja kututembelea. Ilikuwa Jumapili mchana. Walikaa barazani, baba, Maduhu na mama mkwe, karibu na jenereta. Ile jenereta ilikuwa na kelele za mashine ya kusaga, aliyekaa karibu nayo alilazimika kupaza sauti kama anaita ng'ombe. Mimi na Kabula tulikuwa ndani, tunatazama. Bata alikuwa ndiyo kwanza anaingizwa chini ya sofa.

Petroli ikaisha. Jenereta ikakohoa ikazima, picha ikaingia kwenye nukta, vicheko vikakatika. Lakini baba alikuwa katikati ya sentensi, na sentensi haikuweza kusimama pamoja na jenereta. Ikaja mpaka chumbani kwetu, nzima, kwa sauti ya kushinda jenereta:

"...Minza akituacha, mdogo wake si yupo humuhumu, ameshaizoea nyumba! Nilishasema ndiyo, na mwenyewe alisema ndiyo!"

Kisha kiti kikasogezwa barazani.

Nilimgeukia Kabula. Nilitaka aniulize, dada, baba anasema nini? Hakuuliza. Alikuwa anachokoa ukucha wa kidole gumba.

"Ulisema ndiyo?" nikamuuliza.

"Dada..."

"Ulisema ndiyo, Kabula?"

"Walisema hutapona. Walisema nikikataa ataletwa mwanamke wa nje, na Pendo atateswa. Nikaona afadhali mimi."

"Lini?"

Akarudi kwenye ukucha wake.

"Nakuuliza lini."

"Kabla video haijaja."

Sikia hapo. Kabla video haijaja. Maana yake jioni zote zile, bata, mjomba mlevi, mwalimu mkuu, mkono wake mkononi mwangu tukingoja kucheka, alikuwa ameshakubali kulala kitandani kwangu nikishazikwa. Kitambaa kilipotoka cheupe akanikumbatia, alikuwa ameshakubali. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea, ila hawakusema kwamba kinaweza pia kukuchekesha.

Nilitoka hadi barazani kwa kushika ukuta. Maduhu akaangalia jenereta. Mama mkwe akaangalia mkongojo. Baba peke yake alinitazama.

"Baba, mlikuwa mnanizika?"

"Hatukukuzika, mwanangu. Tulikuwa tunatazama mbele. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ungependa Pendo alelewe na mtu tusiyemjua?"

"Ningependa alelewe na mimi."

"Ulikuwa mfupa, Minza," Maduhu akasema. "Wewe hukujiona."

Ni kweli sikujiona. Walichukua kioo chumbani ili nisiogope, nilidhani ni mapenzi. Na video, nikamuuliza, uliniletea nifurahi au nikae ndani msinione? Nilisalitiwa na mume, nikasalitiwa na baba aliyenizaa, nikasalitiwa na mkono ulionikorogea uji, na wote walikuwa na sababu nzuri. Hilo ndilo linalochoma. Mwizi ungempigia yowe.

Wakasema basi, jambo limesimama, maana unapona. Kabula alibaki, kwa sababu mimi bado sikuweza kuchota maji. Nilikula chakula chake nikimeza vidonge vyangu. Hapa nakuambia wewe unayesoma, na nimeandika yote haya ili nifike hapa: katika siku zile ndipo nilipotaka kuacha dawa. Siyo wakati wa sindano. Nilijiambia, kwa nini niwapotezee mipango? Nilikaa navyo kitandani asubuhi moja, nikavitazama. Pendo akaja dirishani akasema, "Mama, mwangaluka," ile salamu ya asubuhi aliyokuwa ndiyo kwanza anajifunza, akanionyesha jino linalocheza. Nikavimeza kwa hasira. Hasira nayo inashusha kidonge vizuri tu. Kama huna tumaini, tumia hasira, lakini usiache dawa.

Kiangazi kilipokaribia mwisho, nesi akanipima akasema, "Umemaliza. Nenda ukalime." Mzee Jilala alikuwa amemaliza kabla yangu, akanitumia maziwa ya mgando kibuyu kizima. Maduhu akachinja mbuzi. Majirani wakaja, hata wale wa khanga. Baba akaja. Tulikaa uani, na Maduhu, sijui ni pombe au ni woga, akapaza sauti kama zamani:

"Mke wangu! Lete mchuzi!"

Kabula akatoka jikoni na bakuli. Alikuwa amejifunga khanga juu, lakini kila mtu aliona tumbo lake. Makubaliano yao yalikuwa nikifa. Hawakusubiri hata hilo.

Hakuna aliyecheka. Kisha polepole wakaanza kunitazama mimi, mmoja baada ya mwingine, baba naye. Nilielewa wanachokitaka. Nikicheka, itakuwa ni utani, na mbuzi ataliwa, na kesho tutaendelea. Mimi nilikuwa nimejifunza kucheka mwaka mzima, pumzi ninayo, mapafu ninayo. Nikachukua nyama yangu nikala.

Wengi walitaka niondoke ili aibu yao ipungue. Sikuondoka. Matofali yale niliyabeba mimi. Nilimwambia Maduhu amjengee Kabula nyumba yake upande wa pili wa ua, na yeye mwenyewe ahamie huko, na mlango wangu usigongwe isipokuwa na Pendo. Akajenga. Televisheni niliiacha kwangu. Watu huniuliza kama naweza kuitazama bado. Naitazama. Bata hajanikosea kitu. Ila sauti naipunguza, na Kisukuma najisemea mwenyewe, sisemi vizuri kama yeye.

Kabula alijifungua mvulana. Miezi ikapita hatusemezani zaidi ya "ndoo iko wapi". Kisha mvua za kwanza zikarudi, na asubuhi moja nikasikia kutoka upande wa pili wa ua kikohozi. Nilikijua. Hicho cha kutoka miguuni. Huyu ndiye aliyelala kwenye mkeka chumbani kwangu nikiwa mbaya kabisa, na hakuna aliyetuambia naye apimwe. Wewe ukiambiwa unaumwa, wapeleke wote unaolala nao, leo hii, wawe wamekukosea au hawajakukosea.

Nilingoja Maduhu ampeleke. Alikuwa kwenye pamba. Mama mkwe akaanza kusema mambo ya wivu wa mke mwenza na kutaja mganga. Nikakaa na jambo lile siku mbili. Sitakudanganya kwamba sikufikiria kuliacha lilivyo. Siku ya tatu nikavuka ua.

"Vaa viatu," nikamwambia.

Tulikwenda, mimi mbele, yeye nyuma na mtoto mgongoni. Benchi lilikuwa lilelile, bati lilelile. Nesi wangu akanifahamu, akafurahi, kisha akamwona aliye nyuma yangu na uso ukabadilika.

"Atahitaji mtu wa kumsimamia anywe dawa kila siku," akasema. "Wewe ni nani wake?"

Kabula aliniangalia. Alikuwa amekonda mabega, macho makubwa. Nilijua neno analoliomba. Nimekuwa nalo kabla hajazaliwa Pendo, kabla sijaolewa, tangu nikimbeba mgongoni Ngulyati.

"Mke mwenzangu," nikasema.

Akainamisha kichwa. Nesi akaandika, akamnyooshea kopo la makohozi. Mikono ya Kabula ilikuwa imejaa mtoto, ameshamfungua mgongoni. Nikanyoosha yangu nikampokea mtoto, ili yeye ashike kopo.